Mke wa Mchungaji kama Mhusika: Uhakiki wa Wasifu wa Mama wa Kanisa Kando ya Mto Kongo

Shaaban Robert alipotoa Wasifu wa Siti Binti Saad mwaka 1958 alifanya jambo ambalo fasihi andishi ya Kiswahili haikuwa na mazoea nalo: aliyachukua maisha ya mwanamke mmoja, aliyejulikana kwa jina lake mwenyewe, akayafanya kuwa kiini cha kitabu. Siti, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, hakuingia kitabuni kwa sababu ya mume wala kwa sababu ya baba. Aliingia kwa sababu ya sauti yake. Wahakiki wamesema mengi juu ya mawaidha yaliyojaa katika kazi hiyo, na ni kweli kwamba mara kwa mara mwandishi humsahau Siti akaanza kuhubiri. Lakini hata wanaomlaumu hawakanushi kwamba msomaji hufunga kitabu hicho akiwa amekutana na mtu.

Upo wasifu mwingine wa mwanamke ambao hutungwa mara nyingi zaidi na kuhakikiwa mara chache sana. Nao ni wasifu wa mama wa kanisa, hususan mke wa mchungaji. Hutungwa kwa haraka, pengine usiku wa kuamkia maziko. Husomwa mbele ya jeneza na shemasi au mtoto wa kwanza, halafu karatasi yake hukunjwa ikawekwa ndani ya Biblia ya familia. Baadhi yake hupata bahati ya kuchapwa katika kijitabu cha jubilei ya parokia au katika kamusi za wasifu. Makala haya yanashughulikia utanzu huo: namna unavyoundwa, unachokificha, na sababu ya mhusika wake mkuu, ambaye kila mtu kanisani alimjua, kutojulikana na msomaji hata baada ya ukurasa wa mwisho.

Mahali pa kuanzia ni Yanonge. Ni mji mdogo wa ukingo wa kushoto wa mto Kongo, yapata kilomita 60 chini ya Kisangani, katika teritwari ya Isangi, mkoa wa Tshopo. Walokele ni watu wa mtoni. Wambole na jirani zao wako nyuma, upande wa msitu. Soko huwakutanisha wavuvi na wakulima, na mitumbwi hupandisha mihogo, ndizi, mawese na samaki wa moshi mpaka Kisangani. Ukristo wa Kiprotestanti wa sehemu hizi ulienea kutoka Yakusu, kituo cha Baptist Missionary Society kilichoanzishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1890 kwenye ukingo wa kulia, karibu na Kisangani. Makanisa yaliyotokana na kazi hiyo yamo leo katika Communauté Baptiste du Fleuve Congo. Walimu, mashemasi na wachungaji walitumwa kutoka kituoni kwenda vijijini, na wake zao walikwenda nao. Katika sentensi hiyo ya mwisho tayari tatizo lote linaonekana: mmoja ametumwa, mwingine amekwenda naye.

Vitenzi vya maziko

Anayesikiliza wasifu wa marehemu mama wa kanisa, uwe umeandikwa kwa Kiswahili cha Kisangani au kwa Kiswahili sanifu cha mashuleni, atatambua mfuatano wa vitenzi ambao haubadiliki sana: alizaliwa, alibatizwa, alichumbiwa, aliolewa, alijaliwa watoto, alifiwa na mume, aliitwa na Bwana. Vyote viko katika kauli ya kutendwa. Wasifu wa mume, ukisomwa katika uwanja uleule miaka michache kabla, huanza vivyo hivyo kwa kuzaliwa na kubatizwa, lakini baada ya hapo hugeuka: alisoma, alioa, alihubiri, alianzisha, alijenga, aliongoza, alistaafu. Mtu mmoja ametenda, mwenziwe ametendwa, na watu hao wawili wamelala nyumba moja kwa miaka arobaini.

Inafaa kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu sarufi isibebeshwe dhambi isiyo yake. Kuzaliwa na kubatizwa ni kwa watu wote. Kuolewa, kwa upande mwingine, ni umbo ambalo Kiswahili kimeligandisha kwa ajili ya mwanamke tangu zamani, na msemaji anayelitumia hana lazima ya kufikiri juu ya mtendaji wala mtendwa, kama vile asemaye jua limetua hafikiri juu ya ndege. Isitoshe, lugha zenyewe zina njia nyingine. Kiswahili kina kuoana. Kilingala, ambacho ni lugha ya kila siku ya waumini wengi wa Yanonge, kina kobalana, kitenzi cha kutendana pia. Kwa hiyo hoja haihusu uwezo wa lugha. Inahusu uteuzi wa mtunzi, ambaye ana vitenzi vya kutenda mkononi lakini anavihifadhi kwa ajili ya mume.

Uteuzi huo unaonekana vizuri zaidi katika matumizi ya Maandiko. Hakuna sura inayotajwa zaidi katika maziko ya mama wa kanisa kuliko Mithali 31, sura ya mke mwema. Sasa, mwanamke wa sura hiyo ni mtendaji tangu mwanzo mpaka mwisho. Anatafuta sufu na kitani, anaamka kabla ya mapambazuko, anakagua shamba na kulinunua, anapanda mizabibu, anatengeneza nguo na kuwauzia wafanya biashara, anafundisha. Mhubiri wa maziko huruka shamba na biashara akatua kwenye uchaji. Marehemu, ambaye pengine kwa miaka mingi alipeleka kwanga na samaki Kisangani ili ada za shule zilipwe, hubaki na vivumishi tu: mnyenyekevu, mkarimu, mvumilivu. Si vivumishi vya uongo. Kosa lake ni kwamba vinamfaa kila mama aliyekufa, na neno linalomfaa kila mtu halimwelezi yeyote.

Uvumilivu unastahili kusemwa peke yake, maana ndio sifa ipendwayo kupita zote. Mke wa mchungaji hupokea wageni wa kanisa bila kuulizwa kama nyumbani kuna chakula. Hupika lituma kwa ajili ya wajumbe wa mkutano. Huketi na wafiwa, hupatanisha mabibi waliogombana shambani, huongoza sala za akina mama, hulea mayatima walioachwa mlangoni. Kwa kazi hiyo hana mshahara, na mara nyingi mume akifariki hulazimika kuiacha nyumba, kwa kuwa nyumba ni ya kanisa na mchungaji mpya anasubiri. Wasifu unapotangaza kwamba marehemu alikuwa mvumilivu, unataja deni na kulifuta katika neno lilo hilo. Hapo ndipo mtindo unapoacha kuwa jambo la mtindo. Utanzu unaosifu uvumilivu bila kutaja kilichovumiliwa unailinda taasisi dhidi ya swali ambalo mjane angeweza kuliuliza.

Cheo kisicho na jina

Kuna pia suala la jina. Kiswahili cha makanisa kinatumia namna mbili za kumtaja mwanamke huyu. Ya kwanza ni mke wa mchungaji, ambapo kihusishi -a kinaweka wazi nani ni wa nani. Ya pili, inayotumika zaidi katika mazungumzo, ni mama mchungaji, au mama pasta. Namna hii ya pili ni ya kuvutia kwa mtu wa isimu. Nomino mbili zimewekwa bega kwa bega bila kihusishi, na kwa sarufi tupu zingeweza kusomwa kama mama ambaye ni mchungaji, sawa na mama mwalimu au mama muuguzi. Mazoea ndiyo yanayolazimisha maana ya mama aliye mke wa mchungaji. Tangu makanisa kadhaa ya Afrika Mashariki yaanze kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, kama Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilivyofanya katika miaka ya 1990, utata huo umekuwa wa kweli, na mara nyingine wa kuchekesha: mume wa mama mchungaji aitweje? Lakini utata huo unasema jambo zito pia. Waumini walipokuwa wakiunganisha maneno mawili bila kihusishi, huenda walikuwa wameona kwa macho kile ambacho katiba ya kanisa haikukiandika, yaani kwamba kazi ilikuwa ya watu wawili.

Bei ya cheo hicho ni jina la mtu. Anayeitwa mama mchungaji kwa miaka thelathini huzikwa akiwa mama mchungaji, na wajukuu huulizana jina la utotoni la bibi yao. Hapa desturi ya Walokele wenyewe inaleta mwanga usiotarajiwa. John Carrington, mmisionari aliyefika Kongo mwaka 1938, akafanya kazi Yakusu na Yalemba na kutoa Talking Drums of Africa mwaka 1949, alieleza jinsi ngoma ya gogo inavyosema kwa kuiga toni za lugha, na jinsi kila mtu alivyokuwa na jina lake la ngoma. Jina hilo likipigwa kamili lilibeba jina la mwenyewe, jina la baba yake na kijiji cha mama yake. Kwa maneno mengine, mawasiliano ya mtoni yalimtaka mpigaji akumbuke mama ametoka wapi, la sivyo ujumbe ungepotea kwa mtu mwingine. Karatasi ya maziko haina haja hiyo. Inaweza kumtaja marehemu kwa cheo cha mumewe, na hakuna atakayekosea jeneza.

Vitabu vya mto mmoja

Sehemu hii ya mto haikukosa watu wa kuandikwa. Imekuwa hata na bahati kuliko sehemu nyingi za bara. Kitabu chake cha kwanza cha maisha ni cha Kiswahili: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe, yakachapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na baadaye kutolewa upya na Whiteley katika miaka ya 1958 na 1959. Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls kwa mkataba wa 1887, anasimulia safari, pembe, vita na hesabu. Ni nathari kavu, yenye nguvu, isiyoomba radhi, na mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuipuuza. Lakini ni kitabu cha mwenye msafara. Waliofungwa katika msafara hawamo ila kama mali.

Jibu lake lilikuja kwa Kifaransa. La vie de Disasi Makulo kilitolewa Kinshasa mwaka 1983, na kichwa chake kirefu kinamtambulisha Disasi kuwa mtumwa wa zamani wa Tippu Tip na katekista wa Grenfell, kwa kalamu ya mwanawe, Makulo Akambu. Disasi alitekwa akiwa mtoto katika miaka ya 1880 na wale ambao wenyeji waliwaita Batambatamba, akakombolewa na Stanley, akalelewa na wazungu, hatimaye akawa mwinjilisti wa Yalemba na sehemu za Basoko mpaka alipofariki mwaka 1941. Ni kitabu cha thamani kubwa, na David Van Reybrouck alikitegemea sana mwanzoni mwa historia yake ya Kongo ya 2010. Hata hivyo, kichwa hicho kisomwe polepole. Mtu huyu ametambulishwa kwa mabwana wawili, wa utumwa na wa dini, na hadithi imepita kutoka kinywa cha baba hadi mkono wa mwana. Mkondo wa urithi ni wa kiume mwanzo mpaka mwisho: Tippu Tip, Stanley, Grenfell, Disasi, Akambu. Muundo wake ni ule wa kutekwa, kukombolewa, kuongoka na kutumwa, nao ni muundo ambao mke wa mwinjilisti hana mlango wa kuuingilia, kwa kuwa yeye hatumwi. Inatosha kujiuliza binti angeandika nini kama ndiye aliyepewa daftari.

Wala isidhaniwe kwamba wazungu walikuwa na tiba ya ugonjwa huu. George Grenfell mwenyewe, aliyefariki Basoko mwaka 1906, aliandikiwa wasifu mara mbili ndani ya miaka mitatu. Harry Johnston alitoa juzuu mbili nene mwaka 1908, zenye mito, mimea, lugha na ramani. George Hawker alifuata mwaka 1909. Mke wa Grenfell alikuwa Rose Patience Edgerley, mwanamke mweusi wa asili ya Jamaika. Mke wa kwanza wa Grenfell, Mary Hawkes, alikuwa amefariki Kamerun mwaka 1877. Uhusiano wa Grenfell na Rose kabla ya ndoa ulimfanya ajiuzulu mwaka 1878. Akamwoa, na mwaka 1880 chama kikampokea tena. Rose alisafiri naye katika meli ya Peace akiwa na mtoto mchanga, kwenye mito ambayo Grenfell aliichora kwanza. Aliwazika watoto wake mmoja baada ya mwingine, pamoja na binti yake Patience mwaka 1899.

Hapa pana mama wa kanisa aliyefika katika bonde la Kongo kabla ya kanisa lenyewe kuwako, mwanamke mweusi katika nyumba ya misheni ya wazungu, aliyekuwa na mengi ya kusema juu ya watu wa pande zote mbili. Anayemtafuta katika vitabu vile vinene atampata nyuma ya mume, akiuguza, akifiwa, akingoja meli. Mtindo wa maziko ya Yanonge haukuzaliwa Yanonge. Ulifika na meli.

Wanawake watatu waliopenya

Pamoja na hayo, mifano mitatu yaonyesha kwamba utanzu unaweza kufanya zaidi.

Wa kwanza ni Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba aliyetumwa na kuuzwa mara kumi katika nchi ya Msiri na jirani zake. Dugald Campbell, mmisionari, alichapisha masimulizi yake katika kijitabu cha mwaka 1916, na Marcia Wright akayafanyia uchambuzi wa kina, kisha akayaweka katika Strategies of Slaves and Women ya mwaka 1993 pamoja na maisha ya wanawake wengine, akiwamo Mama Meli, aliyetoka utumwani akawa mama wa kanisa kaskazini mwa Zambia. Campbell alikusudia kijitabu cha kutukuza ukombozi wa kimisionari. Bwanikwa alimponyoka. Aliolewa na mtu wa kanisa aliyekuwa amemnunua, na pamoja na kuwa mke wake wa halali na Mkristo mwenziwe, alifanya kazi akakusanya mali mpaka akamlipa mumewe thamani aliyonunuliwa nayo, ili awe mke huru. Hakuna kivumishi kinachoweza kulifunika tendo hilo. Halimo katika orodha ya fadhila, halina mfano katika Mithali, na mhubiri angepata taabu kulieleza: je, alikuwa mtiifu au mwasi? Mwandishi hakuwa na budi kuliandika kama lilivyotendeka. Wasifu mzuri hutokea pale ambapo tendo la mhusika linazidi msamiati wa msimulizi.

Wa pili ni Mwilu Marie, mke wa Simon Kimbangu. Kimbangu alikuwa katekista wa Wabaptisti wa Kongo ya Chini. Alianza kuponya Nkamba mwezi wa Aprili 1921, akakamatwa Septemba mwaka ule, akahukumiwa kufa, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na akafia katika gereza la Elisabethville mwaka 1951. Kwa miaka thelathini ya kifungo na minane zaidi baada yake, mpaka kufa kwake tarehe 27 Aprili 1959, Mwilu ndiye aliyekuwa mhimili wa kanisa lililokatazwa, huku maelfu ya waumini wakihamishwa kwa nguvu, wengine mpaka Lowa, juu ya Kisangani. Kanisa la Kimbangu lenyewe linamheshimu kwa jina lake, Mama Mwilu. Historia za kitaaluma, hata hivyo, mara nyingi huruka kutoka kwa mume gerezani mpaka kwa wana walioongoza baada ya 1959, kana kwamba kanisa lilijiendesha lenyewe kwa miaka thelathini na minane. Kwa uhakiki wa wasifu mfano huu ni mgumu kuliko ule wa Bwanikwa. Kazi ya Mwilu ilikuwa ya siri, na siri haiachi barua. Aliyeifanya vizuri ndiye aliyeacha ushahidi mchache. Kumpima kwa wingi wa hati ni kumwadhibu kwa ustadi wake.

Mfano wa tatu si mtu mmoja. Nancy Rose Hunt, mwanahistoria wa Marekani, alitoa A Colonial Lexicon mwaka 1999, kitabu kilichopata tuzo ya Herskovits mwaka 2000, juu ya uzazi na tiba katika eneo la Yakusu. Hospitali ya Yakusu ilikuzwa na daktari Clement Chesterman kuanzia mwaka 1920, na Stanley Browne alifika 1936. Wauguzi wake walitawanyika katika zahanati za mtoni na msituni. Hunt aliwaketia wakunga, wauguzi na wajane wao, akawaona kuwa watu wa kati, waliotafsiri ulimwengu mmoja kwa mwingine. Matokeo ni kwamba wanawake wa jamii iliyo karibu kabisa na Yanonge wamepata kusikika katika kitabu ambacho vyuo vya dunia vinakisoma. Sabuni, baisikeli, vyombo vya mezani, koleo za kuzalishia, vyote vina historia ndani yake.

Lakini hata kitabu hiki kizuri kina pengo, na pengo lake ni kinyume cha lile la maziko. Karatasi ya maziko ina imani bila matendo; Hunt ana matendo tele, na imani imebaki kama rangi ya ukuta. Mwanamke anapoamka alfajiri kusali kabla ya kwenda kumzalisha jirani, kitabu kinamfuata kwenye uzazi. Kwa mwenyewe huenda sala ndiyo iliyokuwa kazi, na uzazi ukawa sehemu yake. Msomaji wa kanisa akilalamika kwamba mama yake amegeuzwa kuwa mfano wa nadharia, malalamiko yake yasipuuzwe kwa kuwa tu hayana tanbihi.

Suala la lugha

Kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1995, Dictionary of African Christian Biography, iliweka Kiswahili miongoni mwa lugha zake tano, pamoja na Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Sehemu kubwa ya makala yake imeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwa eneo la Tshopo jambo hili lina uchungu wake. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko kwa misafara. Kwa babu wa Disasi kilikuwa sauti ya Batambatamba. Leo ni lugha ya mitaa na masoko ya Kisangani, kikishindana na kuchanganyika na Kilingala, na mama anayetoka Yanonge na mtumbwi wa mihogo huuza kwa zote mbili. Nyumbani amesema Kilokele au Kimbole. Ibada ameisikia kwa lugha moja, na wajukuu wake wanamjibu kwa nyingine. Kuandika maisha yake kwa Kiswahili si kurudi kwenye asili, basi, na haifai kudai hivyo. Lakini ndiyo lugha, kati ya zile zenye utanzu wa wasifu uliokwisha kukomaa, ambayo yeye mwenyewe angeweza kusikiliza ikisomwa na kusema: hapo umekosea.

Uwezekano huo wa kusahihishwa ndio unaotofautisha wasifu na sifa. Mwana Kupona, aliyefariki 1860 hivi, alikuwa mjane wa mtawala wa Siu, na utenzi wake kwa binti yake umemlaumu na kumsifu kwa zamu tangu ulipoanza kufundishwa. Wanaomshutumu kwa kuhubiri utii wana lao la kusema. Hata hivyo mashtaka yenyewe yanawezekana kwa kuwa yeye alinena: yapo maneno yake, na mtu anaweza kubishana nayo. Kwa mama mchungaji wa Yanonge hakuna cha kubishana nacho. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kushirikiana na misheni dhidi ya desturi za jando za wazazi wake, wala kumsifu kwa kuwaficha watu mwaka 1964 wakati wa uasi wa Wasimba, wala kumuuliza aliwaza nini mume aliporudi na habari za uhamisho wa tano. Ameandikwa bila kosa, na kwa hiyo bila hoja.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili za Kisangani na kwingineko ni ndogo kwa gharama na kubwa kwa haraka yake. Wajane walioishi miaka ya 1964 na 1967, na vita vya siku sita vya Juni 2000, wanazidi kupungua. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti na muda wa juma moja anaweza kuanza kwa swali ambalo karatasi ya maziko hailiulizi, na ambalo mpigaji wa ngoma alilazimika kulijua: mama yako alitoka kijiji gani? Baada ya jibu hilo msimulizi aachwe achague vitenzi vyake mwenyewe, na mwandishi avihesabu baadaye.